Kidari cha Kaka Mkubwa

Kwa miaka kumi na moja nimekula nyama ya mtu nisiyemjua. Si wizi. Niliipokea mkononi, imefungwa kwa foili, bado ya moto, na aliyenipa alisimama mlangoni pangu akinitazama mpaka ning'ate, nitafune, nimeze, kisha niseme kwa sauti: "Nimeshiba." Hapo ndipo alipogeuka akaenda kwake kula na watu wake. Nisiposema, haondoki. Siku moja nilimjaribu. Nikatafuna polepole, nikamkazia macho, kimya. Alisimama pale mvua ikimnyea, kandambili miguuni, mpaka mjukuu wangu akapiga kelele kutoka jikoni, "Shosho, just say it!" Nikasema. Akainamisha kichwa, akaenda.

Huyo ni jirani yangu wa Guildford, hapa Sydney, ng'ambo ya uzio wa bati. Mimi humwita Mwindaji, ingawa kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiua hata panya. Panya wa gereji yake niliwaua mimi, kwa fagio.

Kidari ni cha kaka mkubwa. Ndivyo ilivyo kwao, mashariki ya Kongo. Mdogo akiua mnyama, kidari hakionji, hata kulamba kidole halambi, mpaka kaka yake akipokee kwa mkono wake, akile, aseme ameshiba. Kaka akiwa mbali, kinapewa mtu yeyote aliyemzidi mwindaji umri, akile kwa niaba. Kwenye mtaa wetu waliomzidi umri tulikuwa wawili, mimi na mama Mlebanoni wa nyumba ya kona. Mama Mlebanoni hajui Kiswahili. Nikawa mimi.

Na huyo mnyama mwenyewe alikuwa nusu mbuzi ya buchani, Bankstown. Krismasi, Pasaka, siku binti yake alipopata kazi, nusu mbuzi. Nilimwambia, "Wewe baba, mbuzi huyu ameuawa na mtu mwingine kwa mashine. Kidari kinakuhusu nini?"

Akasema, "Bon, mama, ninajua. Ya kununua haihesabiwi. Lakini mukono usisahau."

Mkono usisahau. Hivyo ndivyo alivyokuwa mtu yule. Alifanya mazoezi ya kila kitu.

Kaka mwenyewe yuko Amerika. Kule kambi ya wakimbizi walipangiwa ndege tofauti: mkubwa akapelekwa jimbo moja la milima upande wa magharibi ya Amerika, mdogo akaletwa Sydney. Zaidi ya miaka ishirini walionana kwenye simu tu. Na kila simu, kabla ya salamu, kabla ya kuulizana watoto, mkubwa huanza hivi: "Kidari yangu iko wapi?" Na mdogo hucheka. Kicheko hicho nimekisikia mara nyingi kupitia uzio. Kinaanza vizuri, kisha kinakatika katikati kama maji ya bomba.

Kwa nini kinakatika, alinieleza mara moja tu, tukiwa tunaanika nguo, yeye upande wake, mimi wangu. Wakati wa kukimbia vita walipotezana. Akaambiwa kaka yako hayupo tena. Siku ya nne ya njaa akanasa mnyama mdogo wa msituni, akamla wote, na kidari akakila. Alikila mwisho, akilia, lakini alikila. Wiki tatu baadaye akaingia kambini, akamkuta kaka yake amekaa juu ya ndoo, mzima, ananyoa ndevu. Kaka alipoisikia habari ile alicheka mpaka wembe ukamkata. Akasema, "Kwa hiyo kidari yangu iko wapi?" Kwa kaka ulikuwa utani, na utani umebaki mpaka leo. Kwa mdogo haukuwa utani hata siku moja.

Ndipo wakapanga: wataonana, watawinda pamoja, mdogo ataua mnyama wa kweli, atampa mkubwa kidari mkononi. Mnyama wa huko anaitwa elki. Ni kama kulungu, ila ukubwa wa ng'ombe wa maziwa, na dume ana pembe kama mti uliokauka. Kibali chake hakinunuliwi kama tiketi ya treni. Mnaomba, majina yanachezeshwa kama bahati nasibu. Waliomba miaka minne, wakakosa miaka minne. Mwaka wa tano wakapata, na mwaka huo huo sukari ilikuwa imeanza kula macho ya kaka. Daktari wa huko alimwambia asitegemee mwaka mwingine wa kuona vizuri. Kwa hiyo ni mwaka ule au basi. Mwindaji aliponiambia hilo hakuwa na machozi. Alikuwa na daftari.

Nisikufiche, nilimwona mjinga. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini hesabu hii naijua: mtu wa miaka sitini na minne, mwenye presha, anapanda ndege siku nzima ili apande mlima kumfuata ng'ombe mwenye pembe, na Bankstown nyama imejaa mpaka inaning'inia dirishani. Nilimwambia hivyo hivyo. Akajibu neno alilokuwa akilijibu kwa kila kitu, ukimuuliza hali ya hewa, ukimuuliza Mungu: "Tupange kwanza, mama. Tupange."

Na alipanga! Sijaona mtu wa kupanga kama yule, wala mtu wa kusahau kama yule. Pipa la taka alisahau kulitoa kila wiki, nikalitoa mimi. Kuna siku alienda harusini Westmead na viatu viwili tofauti. Lakini muulize nyama inachukua muda gani kuharibika juani, atakutajia kwa dakika. Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la barafu, kupakia maboksi ya nyama, kwa hiyo joto alilichukia kama mtu anavyomchukia mkwe wake. Msimu waliopewa ulikuwa ule wa mwanzo, mwezi wa tisa. Alinieleza vizuri nami nimeshika. Msimu wa mwanzo una faida moja: madume wanatafuta majike, wanaita, unawasikia waliko. Na una shida moja: mchana bado kuna joto. Mnyama mwenyewe anakimbia jua, analala kwenye miti upande wa kivuli. Ukimuua, lazima umchune na umpoze upesi, la sivyo umeua bure. Na kuliko kidari kilichooza, akasema, afadhali kidari kilicholiwa na mwingine.

Kwa hiyo akataka mifuko ya kitambaa, pamba tupu, ya kutundikia nyama ipigwe na upepo bila nzi. Ya dukani akaiona myepesi. Nikakaa kwenye cherehani, nikamshonea kumi kutoka shuka zangu za zamani, mshono mara mbili. Mjukuu wangu akasema, "Shosho, those are pillowcases for a giant." Mwache acheke. Mjukuu wangu ni nesi hospitali ya Westmead, nesi mwenye cheti chake kamili, upande wa moyo, na mtu akiniuliza hali yangu barabarani huwa namjibu kwanza hilo. Anasoma mashine zenye mistari kama mimi ninavyosoma uso wa muuza samaki. Ana haki ya kucheka.

Ni yeye aliyempima Mwindaji presha kila Jumamosi kwenye meza yangu ya jikoni. Alianza na presha ya juu mno. Mjukuu akamwambia kwa ukali, "Uncle, go see your doctor, or I'm telling aunty." Aunty ni mke wa Mwindaji, mama mpole anayehudumia wazee kwenye makao yao, na Mwindaji alimwogopa kuliko dubu. Akaenda kwa daktari. Akapewa vidonge, akaambiwa atembee.

Kumbe kosa lilikuwa kumwambia mtu yule atembee. Akanunua mchele, gunia la kilo ishirini, akalitia kwenye begi la mgongoni, akaenda kupanda na kushuka ngazi za daraja la stesheni. Asubuhi kabla ya zamu, jioni baada ya zamu, amevaa kile kizibao cha rangi ya chungwa cha ghalani, kwa sababu alisikia wawindaji wa huko lazima wavae rangi hiyo wasipigane risasi. "Voilà, nimekwisha kuwa nayo bure," akasema. Watu wa treni wakadhani ni fundi wa reli. Bibi mmoja wa Kihindi akamuuliza treni ya Parramatta imechelewa dakika ngapi. Naye, badala ya kusema hajui, akasimama na mchele wake mgongoni akamtafutia kwenye simu. Akanisimulia bila kucheka. Hakuwa mtu wa kucheka mambo yake, alituachia sisi.

Sauti ya elki dume ndiyo iliyotuletea matatizo mtaani. Mnyama mkubwa vile haungurumi, anapiga mluzi, mluzi mrefu unaopanda na kukwaruza kama geti lisilotiwa mafuta, kisha anamalizia kwa mikoromo. Wawindaji wanauiga kwa bomba ili dume mwingine akasirike aje. Mwindaji akakata bomba la mashine ya kufyonza vumbi, ile ya mkewe, ikiwa bado nzima. Jumapili baada ya misa akasimama nyuma ya gereji, akapuliza.

Mama Mlebanoni akatoka na kitambaa cha vyombo mkononi, "Who is dying? Who is dying?"

Mke wa Mwindaji akamjibu kutoka dirishani, kwa utulivu kabisa, "Not yet, my dear. But when he finishes, yes."

Na mtu huyu huyu wa kwenda kumkabili mnyama wa kilo mia tatu alimwogopa ndege. Yule ndege mweusi na mweupe wa hapa, megipai, anayeshambulia watu wakati wa kutaga. Kulikuwa na mmoja kwenye mti wa karibu na stesheni aliyemchukia yeye peke yake. Alimdonoa sikio mwezi wa nane, damu ikatoka. Toka siku hiyo Mwindaji alipita pale na helmeti ya baiskeli, amechomeka vile vifungo vya plastiki juu yake vimesimama kama miiba ya nungunungu, gunia la mchele mgongoni, kizibao cha chungwa kifuani, anakimbia. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi na mjukuu wangu. Mjukuu akageuza uso akasema, "I don't know him." Mimi nikasema, "Mimi namjua, huyo ni mwindaji wa elki." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini mipango yenyewe ilikuwa kwenye gereji. Meza ndefu, na juu yake ramani kubwa ya milima, na kando bunduki ya kufanyia mazoezi, yaani fagio langu, lile la panya. Bunduki ya kweli ilikuwa ya kaka, huko huko. Mtihani wa usalama wa bunduki aliufanya kwenye kompyuta, na Jumamosi chache alipelekwa na mfanyakazi mwenzake kwenye uwanja wa kulengea shabaha, akashika ya kweli. Nyumbani alilala kifudifudi sakafuni na fagio, pumzi nusu, kidole taratibu. Kwao mdogo ndiye hupanga njia. Mkubwa haulizwi, anafuata, kwa heshima. Na mkubwa huyu macho hayakumruhusu ramani hata kama angetaka. Kila kitu kilikuwa mikononi mwa Mwindaji: wataacha gari wapi, hema litapigwa wapi, maji yako wapi. Hema lilikuwa ndilo jambo kubwa. Kaka magoti yake mabaya, hawezi kuhama kambi. Watoto wake wawili, vijana wa kubeba, wangempandisha mara moja, wangemshusha mara moja. Ukikosea mahali pa hema umekosa uwindaji wote.

Siku moja, kabla ya mambo ya megipai, nilikwenda kudai fagio langu. Mwezi wa saba, baridi. Nikamkuta anapaka ramani penseli ya buluu.

"Buluu ni nini?" nikauliza.

"Ni kivuli, mama. Pande zenye kivuli. Kaka amesema wakati wa joto wanalala upande wa kivuli. Hema nimeliweka hapa, katikati ya buluu."

Ramani siisomi. Lakini nilitazama ile buluu, na kitu kikanikwaruza. Nikamuuliza, "Jua linachomoza wapi kwenye karatasi hii?"

Akanionyesha. Nikasimama kando ya meza, nikageuza mwili wangu nikalitazama hilo jua la karatasi, nikanyoosha mikono kama mtu wa kubatizwa.

"Buluu yako iko mkono gani wangu?"

"Wa kuume."

"Basi umepaka kivuli juani."

Akaniangalia kama nimetukana kanisa. Nikamweleza. Kwetu Kenya jua la mchana liko juu ya kichwa, mwezi huu limelalia huku, mwezi ule kule, hakuna anayejali. Hapa Sydney, ukitazama linakochomoza, mchana liko mkono wa kushoto mwaka mzima. Ndiyo maana kamba yangu ya nguo iko upande ule, na ndiyo maana ukuta wangu wa upande mwingine umeota ukungu. Lakini kabla ya kuja hapa niliishi Uingereza miaka miwili kwa mwanangu, kulea. Mwezi mzima wa kwanza nilianika nepi upande wa kivuli, zikanuka, kwa sababu nilidhani jua ni jua. Kule liko mkono wa kulia. Na Amerika, nikamwambia, iko juu na Uingereza, haiko chini na sisi.

"Mama," akasema, na nilisikia anajizuia, "hii ni ramani. Wewe haujui ramani."

"Sijui ramani. Najua nguo."

"Nimesoma vitabu. Nimepanga miezi kumi."

"Umepanga vizuri sana. Umepanga kwa jua la Guildford."

Akachukua penseli, akaendelea kupaka. Nikachukua fagio langu, nikaenda. Na nilikasirika, nisidanganye. Mtu nimemlia kidari miaka kumi na moja, ananiambia sijui.

Siku tisa hatukusemezana. Pipa lake sikulitoa. Siku ya kumi, asubuhi ya baridi, naona anakuja na nguo zake za ghalani, kabla ya zamu, simu mkononi. Hakusalimia. Akasema, "Kaka mukubwa yuko kwenye simu. Huko ni mchana wa jana."

Kisha akamwambia kwenye simu, polepole, kwa adabu, "Kaka, simama inje. Tazama jua linakotokea asubuhi. Umesimama? Bon. Sasa hivi jua liko mukono gani?"

Sauti ya mtu mzima, nzito, ikasikika mpaka kwangu: "Ya kuume. Likuwe wapi tena? Nani amekutuma uniulize mambo ya watoto?"

"Mama mumoja wa hapa. Wa kamba ya nguo."

"Huyo anayekulaka kidari yangu?"

"Huyo."

"Mwambie asante. Na kidari yangu iko wapi?"

Mwindaji hakucheka safari hii. Alikata simu, akakaa kwenye ngazi yangu ya nyuma, akashika kichwa. Angempandisha kaka yake mlimani kwa magoti yale, akamkalisha wiki nzima juani mahali pasipo na mnyama, na mwaka mwingine wa macho hakuna. Nilimwona anavyoliona hilo. Sikumwambia, "Nilikuambia." Nilitaka, lakini sikumwambia. Nilimpa chai na kifutio cha mjukuu wangu. Alifuta ile buluu mpaka karatasi ikatoboka mahali pawili, akapaka upya, na hema akalihamisha ng'ambo ya pili ya mlima.

Mjukuu wangu alimpima mara ya mwisho mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Akatazama namba, akazitazama tena, akamkumbatia. "You're good, Uncle. No running." Mwindaji akasema hatakimbia, huko hakuna megipai.

Akaondoka. Halafu kimya.

Mlimani hakuna mtandao, alikuwa ametuambia. Kuambiwa ni kitu kimoja, na kusubiri ni kingine. Siku ya tano mke wake akaanza kuja kwangu kila akitoka kazini, anakaa, hanywi chai, anaizungusha. Nilimwambia mambo ya kumtuliza, na yeye akanituliza mimi, na hakuna aliyetulia. Niliota dubu. Nilikuwa nikienda kuanika nguo nasimama tu na shati mkononi, najiuliza: na kama nimekosea? Kama Amerika jua lake ni jingine? Mwanamke wa darasa la tatu nimemhamishia mtu hema. Siku ya nane niliomba kwa sauti nikiwa kwenye kamba, na mama Mlebanoni aliponiona naye akanyanyua mikono yake upande wake, bila kujua naomba nini.

Siku ya kumi asubuhi, nina vibanio mdomoni, nasikia kelele ng'ambo ya uzio. Mke wa Mwindaji. Sikuelewa kama analia au anaimba. Kisha kichwa chake kikatokea juu ya bati. Sijui alipanda juu ya nini, mama yule mnene.

"Mama! Wameshuka! Wote! Ameua!"

Nilitema vibanio. Nikashika shuka bichi, nikakaa nalo chini kwenye nyasi. Nilikaa hapo muda mzuri, limenilowesha mpaka ndani, na sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale.

Alirudi katikati ya mwezi wa kumi. Amekonda, uso umeungua, anatembea kama kijana. Nilikuwa kwenye kamba, na bila shaka hiyo ndiyo sababu alikuja pale na si mlangoni. Hakuwa na nyama. Watu wa uwanja wa ndege wa hapa, alisema, hata udongo wa viatu walimsugulia, ingekuwa kidari wangemfunga yeye. Alikuwa na simu.

Alinisimulia amesimama, mimi nikianika. Upande ule wa pili, kwenye miti mizito, hewa ilikuwa baridi kama ghala lake. Siku ya sita alipuliza lile bomba la mkewe, na dume akajibu kutoka chini ya kivuli. Kaka alikuwa amekaa kando yake. Hakumwona mnyama, macho hayakufika. Lakini masikio yake ni ya msituni bado. Akamshika mdogo wake goti, kila mnyama alipopiga hatua anasema, "Bado. Bado." Kisha akaachia goti. Mdogo akafyatua mara moja.

"Mara moja, mama. Kisha nililia, kaka akanitukana. Akasema joto linakuja, lia baadaye, chuna."

Wakachuna. Vijana wakabeba. Mifuko yangu kumi ilitosha, akasema, na hakuna mshono hata mmoja uliofunguka, na mimi nikamwambia angeniambia umefunguka ningemfukuza.

Halafu akanionyesha video kwenye simu. Mzee mrefu, ndevu nyeupe, amekaa juu ya gogo na kizibao cha chungwa, moshi unampitia. Unaona mikono miwili inamletea kipande cha nyama juu ya jani, mikono ya jirani yangu. Mzee anakipapasa kwanza kwa vidole, taratibu, kingo zote, kama anayehakikisha ni chenyewe. Anang'ata. Anatafuna muda mrefu, mafuta yanashuka kwenye ndevu. Kisha anatazama pale anapodhani mdogo wake yupo, anasema, "Nimeshiba."

Mwindaji akaizima simu upesi, akaitia mfukoni. Tukamalizia nguo pamoja. Alinishikia shuka.

Jumamosi iliyofuata kukanuka mbuzi. Nilijua ni nusu ya Bankstown, na nikajisemea: basi, leo haniletei kitu, mwenye kidari amekwisha kula. Nilikuwa nimefurahi na nilikuwa na wivu kidogo, nisifiche. Nikapasha wali wangu.

Mlango ukagongwa. Yupo pale, kandambili, foili mkononi.

"Hicho tena cha nani?" nikamuuliza. "Kaka yako ameshiba, nimemwona kwa macho yangu."

"Kaka mukubwa amesema hivi, mama." Akasimama wima kama mtoto anayetoa ujumbe wa kanisani. "Kidari ya huko Sydney sasa ni ya mama wa kamba ya nguo. Si kwa niaba. Ni yako."

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikafungua pale pale mlangoni, nikang'ata. Mjukuu wangu alikuja akasimama nyuma yangu, bado na nguo zake za kazi. Nilitafuna. Kilikuwa kile kile cha miaka yote, chumvi imezidi kidogo, na kilikuwa kitamu kuliko vyote. Mwindaji alisimama ananitazama, anasubiri lile neno ili aende akale na watu wake.

Nikameza. Nikajifuta mdomo kwa kanga.

"Sijashiba," nikasema. "Lete na mbavu."